Motokaa Nzuri, Lakini Usukani Uko Upande Gani?



Nataka kusema neno juu ya motokaa katika kurasa zetu za Kiswahili. Najua ya kuwa wanafunzi wengi hupenda habari za motokaa kuliko habari za historia, na sisi tuliomaliza shule zamani, tunapokutana hatukawii kuulizana nani amenunua nini. Leo nataka kusema juu ya motokaa moja inayosifiwa sana na vijana, nayo ni Subaru Legacy ya stesheni wagoni. Sina nia ya kuikashifu, naipenda. Lakini mimi nakaa Atlabara, mtaa wa mji wa Juba, na hapa Juba motokaa hiyo ina jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji katika sifa zake. Jambo hilo laweza kuua watu.

Yafaa kwanza niieleze motokaa yenyewe, ili msomaji asidhani ya kuwa nailaumu nisiyoijua.

Wako watu wanaodhani ya kuwa stesheni wagoni ni gari la kubebea viazi tu, na ya kuwa muungwana hupanda saluni. Hawajui faida yake. Legacy ilianza kuuzwa mwaka 1989, na jina hilo maana yake ni urithi. Mwezi wa Januari mwaka huo huo, huko Arizona katika Marekani, Legacy ilikimbizwa usiku na mchana mpaka ikatimiza kilomita 100,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Kazi hiyo ilichukua siku 19 kasoro kidogo. Tangu hapo watu wakajua ya kuwa injini ile si ya mchezo.

Zile zinazopendwa zaidi kwetu ni za aina ya nne, zilizotengenezwa tangu 2003 mpaka 2009. Urefu wake ni mita 4 na sentimita 68, na upana wake ni mita 1 na sentimita 73. Si kubwa ya kutisha. Lakini ukivilaza viti vya nyuma unapata sakafu ndefu iliyo sawa, na mgonjwa anaweza kulazwa humo akapelekwa hospitali. Siku nyingine humo humo utapakia magunia ya unga, mabati, au vitabu vya shule nzima. Ndani ina viti vizuri, na nyingine vimefunikwa kwa ngozi. Ina hewa baridi, na mlio wake ni wa heshima. Kwa hiyo ni motokaa ya fahari, lakini si fahari ya mfalme. Mwalimu mkuu aweza kuipanda, na mfanya biashara wa wastani kadhalika.

Injini yake ina jambo la kupendeza. Katika motokaa nyingi silinda husimama wima kwa mstari, kama wanafunzi asubuhi mbele ya bendera. Katika Legacy silinda zimelala, mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, na pistoni zake huenda nje na kurudi ndani kama ngumi za mabondia wawili wanaotazamana. Kwa kuwa injini imelala, uzito wake uko chini, na kwa sababu hiyo motokaa haiyumbi sana inapokata kona. Tena nguvu ya injini huenda kwa magurudumu yote manne. Kampuni ile ilikuwa na stesheni wagoni ya magurudumu manne yenye nguvu tangu mwaka 1972, iliyoitwa Leone, basi kazi hiyo wanaijua tangu zamani.

Injini za aina hiyo ya nne ni za ukubwa mbalimbali. Iko ya sentimita za ujazo 1,994, iko ya 2,457, na iko kubwa yenye silinda 6 ya 2,999. Legacy ya kawaida tumbo lake liko sentimita 15 juu ya ardhi. Ndugu yake iitwayo Outback iko sentimita 20. Hizo sentimita 5 mwenyeji wa Atlabara anazijua thamani yake mvua inyeshapo, maana ukiacha lami tu unakutana na mashimo na matope, na boda-boda na raksha zinatafuta njia pembeni mwako. Kama ningeulizwa, ningemshauri mtu wa Juba achukue Outback, aiache ile yenye tumbo la chini.

Watu wakubwa wa mji huu hutambulikana kwa Land Cruiser za V8. Sizisemi vibaya, barabara za mbali zinazitaka. Lakini motokaa yenye uzito wa zaidi ya tani 2 na nusu, ikimbebe mtu mmoja kutoka nyumbani mpaka ofisini, ni kuchoma petroli bure. Nchi yetu ina visima vya mafuta, na hata hivyo petroli nyingi tunayotumia Juba huja kwa malori ya matangi kutoka ng'ambo ya mpaka. Stesheni wagoni ya tani 1 na nusu hivi inatosha kwa baba, mama, watoto na mizigo yao.

Sasa nije kwenye neno langu. Karibu stesheni wagoni zote za namna hii zinazouzwa kwetu zilitengenezwa kwa barabara za Japan. Japan huendesha kushoto, na usukani wao uko kulia. Zikisha kutumika huko hushushwa Mombasa, hupita Kenya na Uganda ambako pia huendesha kushoto, kisha huvuka mpaka Nimule. Papo hapo mambo hugeuka. Sudan iliacha kuendesha kushoto ikahamia kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ikaendelea vivyo hivyo. Kwa hiyo dereva akivuka Nimule huhamia upande wa pili wa barabara, lakini usukani wake hauhami. Anabaki amekaa kwenye ukingo wa barabara, karibu na majani, na katikati ya barabara hakuioni vizuri.

Labda utasema, "Hilo ni jambo dogo, mtu huzoea." Hebu tulipime. Barabara ya kutoka Juba mpaka Nimule ni kilomita 192 za lami, iliyomalizika mwaka 2012. Kabla ya hapo safari ile ilikuwa ya vumbi na mashimo. Siku hizi ni ya mwendo wa kasi. Malori ya mafuta na ya vyakula hupita humo daima, na lori lina upana wa mita 2 na nusu. Dereva wa Legacy amefuata nyuma ya lori na anataka kulipita. Kama usukani wake ungekuwa kushoto, angesogea kidogo tu kuuelekea mstari wa katikati, akachungulia, akaona kama njia ni nyeupe. Lakini amekaa kulia. Ili macho yake yafike mahali pa kuona, hana budi kwanza kuutoa mwili wa motokaa yake katika njia ya wanaokuja. Yaani anaonja sumu ili ajue kama ni sumu.

Pili, ziko taa. Jambo hili hata madereva wa miaka mingi hawalijui. Taa zilizopunguzwa hazimuliki sawasawa pande zote. Watengenezaji huupandisha mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili dereva aone mtu anayekwenda kwa miguu au baiskeli isiyo na taa. Na upande wa magari yanayokuja huushusha mwanga, ili usiwapofushe wengine. Kwa motokaa ya Japan, ukingo uko kushoto. Ilete Juba, ambako kushoto ndiko wanakotoka wenzako, na mwanga ule uliopandishwa unaingia moja kwa moja machoni mwao, ijapokuwa umepunguza taa kwa adabu zote. Nao ukingo wako wa kulia, wanakopita akina mama na watoto, umeuacha gizani. Ndiyo sababu Waingereza wakivuka bahari kwenda Ufaransa na motokaa zao, hubandika vibandiko maalum juu ya vioo vya taa ili kuuzuia mwanga ule. Sisi huvuka Nimule bila kubandika kitu.

Tatu, uko mlango. Motokaa ikisimama kando ya barabara yetu, dereva wa usukani wa kulia hushukia majanini kwa salama, na mgeni wake aliyekaa mbele hushukia upande wa magari. Dereva angalau ana kioo cha kutazama nyuma, mgeni hana. Basi dogo lenye mlango mmoja wa kuvuta ubavuni kushoto ni baya zaidi, maana abiria wote hushukia katikati ya njia.

Sasa nataka kusema na ninyi wanafunzi hasa, maana jambo hili lawagusa kuliko mnavyodhani. Wengi wetu tulivuka mpaka kuja kusoma hapo shuleni, na wengi wenu mnavuka hivi leo. Mkirudi likizo, mnachukuliwa na baba, na kaka, na jirani. Katika motokaa ya usukani wa kulia, kiti cha mbele cha kushoto ndicho kinachoona barabara, na mara nyingi hukaa humo kijana.

Likizo moja mjomba wangu alinipokea Nimule na stesheni wagoni yake. Mjomba si mtu wa papara. Aliendesha malori miaka mingi. Tulipofuata lori moja la tangi mahali penye kilima, aliniuliza, "Tazama, mwanangu. Kweupe?" Nikanyosha shingo. Mbele palikuwa na vumbi la kando na kilima, wala sikuona mwisho wa lori. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mjomba, sioni." Akangoja. Haukupita muda basi likashuka kile kilima, likatupita kwa kishindo hata motokaa yetu ikatikisika. Mjomba akasema, "Ahsante," akaendelea kuendesha pole pole.

Tangu siku ile nimefikiri sana. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 15. Sikuwa na leseni wala sikujua kukisia mwendo wa basi linaloshuka kilima. Lakini roho zetu, na roho za wale waliokuwa ndani ya basi, ziliwekwa juu ya neno langu moja. Je, kama ningeona haya kumkawiza mkubwa wangu? Sisi tumelelewa kuwaheshimu wakubwa, na kijana akiulizwa na mjomba wake hupenda kutoa jibu litakalompendeza. Hapo ndipo hatari ilipo. Usukani ulio upande usiofaa humfanya mtoto kuwa nusu ya dereva bila kumwuliza kama anaweza.

Nimesikia watu wakitoa dawa tatu za ugonjwa huu. Nitazijibu moja moja.

Wengine husema, serikali ipige marufuku motokaa zote za usukani wa kulia. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu mwenye fedha. Motokaa ya usukani wa kushoto yaweza kuagizwa kutoka nchi za Ghuba, ambako wote huendesha kulia, lakini safari ni ndefu na bei si ya mwalimu wala muuguzi. Ukizifungia ghafula motokaa za njia ya Kampala, utamrudisha mgonjwa kwenye boda-boda. Sidhani ya kuwa hiyo ni huruma.

Wengine husema, na tuhamie kushoto kama majirani. Jambo hilo si ndoto, limekwisha kufanyika duniani. Nchi ya Samoa ilihama kutoka kulia kwenda kushoto mwezi wa Septemba 2009, ili watu wake wapate motokaa za bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Sweden ilifanya kinyume chake: iliendesha kushoto huku motokaa zake nyingi zina usukani wa kushoto, taabu ile ile yetu iliyogeuzwa kama katika kioo, na mwaka 1967 ikahamia kulia. Lakini sisi tumezungukwa na pande mbili. Tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 tulidhani labda tutafuata wengi. Haya, wengi ni akina nani? Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Sudan Kusini, Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia huendesha kulia. Hao ni watano kwa watatu. Tena upande wa kaskazini tunapakana na Sudan, na mashariki na Ethiopia, nao wote ni wa kulia. Tukihama tutatatua ugomvi wa mipaka ya Uganda na Kenya na kuanzisha ugomvi katika mipaka mingine.

Dawa ya tatu ndiyo inayoniogopesha. Husemwa, "Mpelekee fundi, atauhamisha usukani." Kweli wapo mafundi hodari. Lakini kuhamisha usukani si kuhamisha kiti. Kuna mtambo wa kugeuzia magurudumu, kuna pedali, kuna mtungi unaosaidia nguvu za breki, kuna nyaya, na kuna ule mfuko wa hewa unaomlinda dereva kifuani. Vyote hivyo vilipangwa kiwandani kwa upande mmoja. Fundi akikata bati la mbele na kuliunga tena kwa moto, na usukani ukaachana na magurudumu kilomita ya 100 ya barabara ya Nimule, hakuna atakayemdai. Mimi ningependa kupanda motokaa ya usukani wa kulia iliyo kama ilivyozaliwa, kuliko ya usukani wa kushoto iliyoungwa-ungwa chini ya mwembe.

Basi shauri langu ni hili, na si ghali. La kwanza ni la wakubwa: kila motokaa ya usukani wa kulia inayoingia Nimule itazamwe taa kabla ya kupewa namba. Taa zibadilishwe, au zibandikwe, au angalau zishushwe. Legacy kama hiyo hiyo iliuzwa katika bara la Ulaya ikiwa na usukani wa kushoto, na taa zake za upande wetu zipo kwa anayezitafuta. Tena magari ya abiria yenye mlango wa kushoto peke yake yasikubaliwe, maana huyo mwenye gari anafanya biashara, na biashara haiwezi kulipwa kwa miguu ya abiria.

La pili ni la wanunuzi, ndugu zangu tuliosoma pamoja. Ukienda kununua stesheni wagoni, usianze na redio wala ngozi ya viti. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uliza usukani uko upande gani, kisha uliza taa. Halafu uliza ule mkanda wa injini ulibadilishwa lini, kwa kuwa katika injini za silinda 4 haufai kupita kilomita 100,000, na ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na fedha zako zimekwisha. Baada ya hapo, ukitaka, washa redio. Kama huna uwezo ila wa kununua ya usukani wa kulia, inunue, lakini jiwekee sheria: ukiwa peke yako katika barabara ya Nimule, usilipite lori lolote mpaka barabara imenyoka na umekaa nyuma yake mbali kiasi cha kuona pande zote mbili. Ukichelewa kwa robo saa, Atlabara itakuwa pale pale.

La tatu ni lenu, wanafunzi. Ukikaa kiti cha kushoto na dereva akakuuliza kama njia ni nyeupe, usimjibu kwa adabu, mjibu kwa macho. Kama unaona mbali na njia ni tupu, sema. Kama huoni, au unaona nusu, au una shaka ya mwendo wa kile kinachokuja, sema, "Ngoja, sioni." Useme hivyo hata kwa baba yako, hata kwa mwalimu, hata kwa mkubwa mwenye cheo. Kumwambia mkubwa ukweli unaomwokoa si utovu wa heshima. Na akikasirika, mwache akasirike mpaka Juba.

Najua wako watakaoona ya kuwa nimeiharibia Legacy jina lake zuri. Sivyo. Stesheni wagoni ya Legacy haitengenezwi tena. Hata huko Japan iliachwa mwaka 2014, na hizi tulizo nazo zitazeeka mikononi mwetu. Kama zitatufaa miaka mingine 10, na ziwafikishe watoto wa watu shuleni na kuwarudisha nyumbani wazima, yafaa tuzitumie kwa akili kuliko wauzaji wanavyotutazamia. Wenye maoni mengine na waandike. Kurasa hizi ni zetu sote, nami nitafurahi kuyasoma.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa Zamani,
Atlabara, Juba.